Kisima, jabia na mtungi: maswali ya Waamu kuhusu maji ya kunywa

Mimi ni fundi wa pampu na visima hapa Amu, yaani Lamu. Kazi yangu ni mashine, lakini nusu ya siku huishia barazani nikijibu maswali ya maji. Mengine huulizwa na akina mama kupitia dirishani, mengine baada ya swala, mengine gatini watu wakingoja boti. Nimeandika hapa yale yanayojirudia, na majibu kama ninavyoyatoa kwa mdomo.

Maji ya bomba ya mjini yatoka wapi hasa?

Yatoka Shela, chini ya vilima vya mchanga. Wengi wetu tulivipanda vile vilima tukiwa watoto, tukaporomoka nao mchanga hadi pwani, wala hakuna aliyetuambia kwamba twacheza juu ya tangi. Kisiwani hatuna mto wala ziwa. Mvua ikinyesha juu ya mchanga haitafuti mtaro, yazama pale pale. Yashuka polepole, mchanga waichuja, mpaka ikutane na maji ya chumvi yaliyopenya chini kutoka baharini. Hapo haizami tena. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, basi huelea juu yake kama samli juu ya mchuzi. Hiyo samli ndiyo inayovutwa kwa visima na kuletwa mjini, mwendo wa kilomita 3 hivi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza maji yetu yalindwe wapi, simwonyeshi bomba. Namwonyesha vile vilima.

Mbona kisima chageuka chumvi wakati wa ukame, na hakuna aliyetia kitu?

Kwa sababu tumevuta samli kuliko mvua ilivyoiongeza.

Hili lataka kuelezwa vizuri. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Mholanzi mmoja, Badon Ghijben, na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa njia yake, walipiga hesabu ya maji baridi yanayoelea juu ya bahari chini ya ardhi. Wakaona kwamba kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Yasikika kama habari njema, lakini igeuze. Ukiyashusha maji ya juu kwa sentimita 10 tu, chumvi ya chini, ikipewa muda, yaweza kupanda mita 4. Upana wa kiganja huku, ghorofa nzima kule. Ndiyo maana pampu yenye nguvu katika kisima kimoja ni hatari kuliko ndoo 20 katika visima 20. Pampu huivuta chumvi ipande moja kwa moja chini yake kama kichuguu, na ikishafika juu haishuki kwa kuzima mashine siku 2. Hungoja mvua, na pengine si ya masika moja.

Wazee wa Shela hawakuhitaji Mjerumani kuwaambia haya. Ng'ambo ya pili, kisiwani Manda, kuna magofu ya Takwa, mji uliohamwa katika karne ya 17. Sababu zinazotajwa ni vita na maji ya visima kuingia chumvi, na waliohama inasemekana walivuka wakaja Shela. Hadi leo watu wa Shela huenda Takwa kuomba mvua kwenye kaburi la mnara. Mimi nikipita pale huchungulia kisima kabla ya kuutazama msikiti. Ndiyo maradhi ya kazi.

Kuchota mchanga kidogo tu wa kujengea kwaharibu nini?

Kidogo cha nani? Kila mwenye punda na magunia husema kidogo. Ule mchanga hufanya kazi mbili: hupokea mvua na kuichuja. Ukiupunguza, mvua yawa na masafa mafupi ya kusafiri kabla ya kufika majini, na uchafu wa juu wafika nao. Ukizidi kuchimba utayafunua maji yenyewe juani, na kidimbwi cha wazi juu ya chanzo cha maji ya mji ni choo cha kila mnyama apitaye. Vilima vile vimehifadhiwa kisheria kama chanzo cha maji, na mji wenyewe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Pamoja na hayo, nimeona viwanja vikipimwa mahali ambapo mimi nisingethubutu hata kuchimba shimo la taka.

Majani na vichaka vinavyoota juu ya mchanga navyo msiving'oe. Ndivyo vinavyoushika usihame na upepo wa kusi.

Nyumba yetu Mkomani ina kisima cha mababu, maji yang'aa kama kioo. Twaweza kuyanywa?

Kuoga, kufua, kudekia, sawa. Kunywa, hapana, isipokuwa yamepimwa na kutiwa dawa.

Najua jibu hili huwauma watu. Hicho kisima kilichimbwa wakati nyumba zilikuwa chache na watu wachache. Leo kila nyumba ina choo chake, shimo lake limechimbwa katika matumbawe yale yale, na matumbawe si mchanga. Yana matundu na nyufa, maji taka hupita ndani yake mbio bila kuchujwa. Mkono wako wa kushoto waweza kugusa ukuta wa jirani, basi choo chake kiko mbali kiasi gani na kisima chako? Kung'aa kwa maji hakuna maana yoyote. Kipimo cha maji ya kunywa ni kwamba katika mililita 100, yaani nusu ya gilasi ndogo, kusipatikane hata kijidudu 1 cha aina ya E. koli, kile kinachoishi matumboni. Kikipatikana, maana yake kuna kinyesi kimefika, na hakuna jicho linaloweza kukiona.

Kuna na naitreti, chumvi itokayo kwenye vyoo na samadi. Haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na anayedhurika zaidi ni mtoto wa chini ya miezi 6 anayelishwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo: damu yake hushindwa kubeba hewa, midomo yageuka buluu. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yapungua sufuriani, naitreti yabaki pale pale ikiwa kali zaidi.

Sheikh wetu alitufundisha kwamba maji yakifika kula mbili, kile kipimo cha maji mengi katika fiqhi, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Sasa wewe wasema hayafai?

Swali hili lapendeza, na huulizwa kila mwaka. Sheikh hakukosea, wala mimi simpingi. Yeye alizungumzia tohara: maji ya kutawadhia na kuondolea najisi. Mimi nazungumzia maradhi ya tumbo. Maji yaweza kuwa tohara yakakupa kipindupindu, kama vile maji ya bahari yalivyo tohara bila shaka lakini hakuna anayeyanywa. Na mafunzo hayo hayo yametukataza kukojoa katika maji yaliyotuama, yametukataza kujisaidia penye vyanzo vya maji, na yametuamuru kufunika vyombo usiku. Hayo matatu tungeyashika yote, mimi ningekosa kazi nusu.

Choo kiwe umbali gani na kisima?

Kipimo kinachotumika sana ni mita 30, na chini ya shimo pabaki angalau mita 1.5 kabla ya kufikia maji. Ndani ya mji wa mawe hili haliwezekani, tusidanganyane. Lakini kwa wanaojenga viunga vipya, kule ambako bado kuna nafasi, sielewi kwa nini mtu apime sebule kwa makini halafu choo akichimbe pale palipobaki. Penye maji ya karibu, jengeni tangi lililosakafiwa saruji chini na pembeni, lisilovuja, linyonywe likijaa. Gharama ni kubwa, najua. Shimo linalovuja halijai kamwe, na watu hulisifu kwa hilo: "shimo letu halijajaa miaka 15". Basi jiulize kilichomo kimekwenda wapi.

Kisima chetu kina ukuta na kifuniko. Bado twaambiwa kichafu. Kwa nini?

Nionyeshe kamba.

Nikifika kwenye kisima sitazami maji kwanza, natazama kamba na ndoo. Mara nyingi naikuta ndoo imewekwa chini, kamba imejiviringisha ubavuni mwake juu ya udongo, na udongo huo ni kichochoro ambacho punda 10 wamepita tangu alfajiri. Mavi ya punda yamekauka, yamekanyagwa, yamekuwa vumbi, yameshikana na unyevu wa kamba. Kisha mtoto atupa ndoo kisimani, kamba yaifuata yote, mita baada ya mita, yaoshwa mle ndani. Afanya hivyo mara 30 kwa siku. Hicho kifuniko chafaa nini?

Dawa yake haina gharama. Ndoo iwe moja, ya kisima tu, kila jirani asije na yake. Iwe na msumari au ndoano ya kuning'inizwa, nayo kamba iviringishwe hapo hapo, isiguse chini hata mara moja. Kuzunguka kisima pawe na sakafu ya saruji yenye mwinamo na mfereji, maji yanayomwagika yaende mbali badala ya kurudi ndani kwa ufa. Na asiogeshwe mtoto wala punda pale.

Mafuta ya mashine kidogo yakimwagika karibu na kisima, si mchanga utayachuja?

Hapana. Hili nimelipatia funzo kwa macho yangu.

Miaka iliyopita niliitwa na bibi mmoja ambaye kisima chake kilikuwa na maji ya pepo, matamu, hata majirani walikuwa wakijaza hapo mitungi ya futari. Nikafunua kifuniko. Juu ya maji kulikuwa na ngozi nyembamba yenye rangi za mkia wa tausi, na harufu ya gereji. Tukatafuta sababu asubuhi nzima. Hatua nne kutoka kisimani palikuwa na mchanga mweusi: fundi aliyekuja kabla yangu alibadilisha oili ya jenereta, akachimba kishimo, akamwaga ile chafu, akafukia. Kwa mawazo yake alikuwa amesafisha. Tulichota na kumwaga wiki kadhaa. Maji yakawa kama yamepona, masika ikaingia, ngozi ile ikarudi. Mwishowe kisima kikabaki cha kumwagia chooni. Sikumtaja fundi yule siku ile na sitamtaja leo, kwa sababu mimi mwenyewe nilipokuwa mwanagenzi nilimwaga vivyo hivyo, sijui mara ngapi.

Oili chafu iwekeni kwenye mtungi wenye kifuniko. Maseremala huitaka, huipaka mbao isiliwe na mchwa. Mashine yenyewe ikae juu ya sinia la bati lenye ukingo, na mapipa ya dizeli na petroli ya boti yawe mbali na kisima chochote.

Kuchemsha ni kwa muda gani? Mkaa ni ghali.

Maji yakishatokota kweli, mapovu makubwa juu mpaka chini, dakika 1 yatosha hapa petu kwenye usawa wa bahari. Wengi huyaacha robo saa na kuchoma mkaa bure. Yaache yapoe ndani ya sufuria ile ile ikiwa imefunikwa. Ukiyahamishia kwenye chombo kichafu umerudi ulikoanza.

Kama mkaa huna, jua unalo. Chukua chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, zioshe, zijaze maji maangavu, zilaze juu ya mabati kwa saa 6 za jua kali. Siku ya mawingu ziache siku 2. Maji yakiwa na tope jua halipenyi, basi yachuje kwanza. Kule Bangladesh watafiti waliwafundisha akina mama kuchuja maji kwa nguo kuukuu ya sari iliyokunjwa mara kadhaa, na kipindupindu kikapungua kwa karibu nusu. Leso iliyochakaa ni nguo ile ile. Lakini nusu si yote, kwa hiyo baada ya kuchuja endelea na jua, moto au dawa.

Vyote hivi huua vijidudu tu. Chumvi, naitreti na mafuta ya mashine haviondoki kwa moto wala jua wala leso.

Dawa ya klorini yanuka. Haina madhara?

Kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, haina. Tia kulingana na lita za mtungi wako, koroga, ngoja dakika 30. Harufu kidogo ni dalili kwamba dawa bado ipo kazini. Ikikukera, acha maji yapumue kidogo kabla ya kunywa. Usitumie dawa ya kufulia yenye manukato, na usikadirie kwa macho.

Sisi twatoka Faza na twanywa maji ya jabia, lile tangi la kukingia mvua. Nayo yana hatari?

Jabia ni akili ya wazee wetu na mimi huiheshimu kuliko pampu yoyote. Mvua haina chumvi wala haina choo cha jirani. Shida ni pale inapoangukia. Kabla ya masika, fagieni sakafu ya kukingia, toeni mavi ya ndege na popo, zuieni mbuzi wasilale pale. Mvua ya kwanza iacheni ikaoshe, msiielekeze tangini. Mlango wa tangi uwe na kifuniko, na mchotaji awe na ndoo ya jabia peke yake. Atakayeingia ndani kuosha aoshe miguu kwanza, na asiingie peke yake, hewa ya mle si ya kuaminika.

Tundu zote zizibwe kwa wavu. Hili nalisisitiza kwa sababu mwaka wa 2004 homa ya chikungunya, iletwayo na mbu, iliupiga mji wa Lamu, na watafiti waliopima damu baadaye walikadiria kwamba watu 3 kati ya 4 waliambukizwa. Ilikuwa wakati wa ukame. Maji yalikuwa haba, watu wakayaweka siku nyingi kwenye mapipa na mitungi bila kuyamaliza, na mbu yule mwenye madoa meupe hapendi mahali pengine kuliko maji masafi yaliyotulia nyumbani.

Barafu ya juisi haina neno, si imegandishwa?

Ina neno. Kuganda hakuui vijidudu vingi, huvilaza tu. Muulize muuzaji barafu yake ni ya maji gani, na akikasirika umepata jibu.

Mtoto ameanza kuharisha. Nifanye nini kabla ya kufika hospitali?

Mpe maji ya kumrudishia nguvu tangu choo cha kwanza. Pakiti ya dawa ya ORS ikiwepo ni bora. Isipokuwepo: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo, akitapika ngoja dakika 10 uanze tena, na kunyonya kusisitishwe. Kliniki watampa pia vidonge vya zinki, vimalizwe siku zote walizokuandikia hata akipona mapema. Akiwa na macho yaliyozama, hana machozi, amelegea, au choo ni kama maji ya mchele, usingoje boti ya baadaye.

Maji ya mvua ya kichochoroni yameingia kisimani. Twaanza wapi?

Acheni kuyanywa siku hiyo hiyo, na muiteni afisa wa afya ya umma. Kisima huchotwa, huoshwa kuta, halafu hutiwa klorini kwa hesabu, hukaa hadi kesho yake, kisha huchotwa tena mpaka harufu ipotee. Hesabu yategemea lita. Kisima chenye upana wa mita 1 na kina cha maji cha mita 2 kina lita kama 1,570. Pimeni kwa kamba na jiwe kabla afisa hajafika, mtamrahisishia kazi.

Nataka kuchimba kisima cha pampu kwenye nyumba ya wageni ninayojenga. Nani nimwombe ruhusa, na nikimwona mwingine anachimba ovyo nimwambie nani?

Kibali cha kuvuta maji hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa Sheria ya Maji ya 2016. Mambo ya uchafuzi na tathmini ya mazingira ni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Vilima vya Shela vikiguswa, peleka habari pia kwa Makavazi ya Taifa, pale pale mjini. Andika, piga picha, weka tarehe, na uchukue nakala yenye mhuri. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 champa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, kwa hiyo huendi kuomba hisani. Wengine huniambia barua hazifanyi kitu. Barua moja, pengine. Nimeona 40 za mtaa mmoja zikimleta afisa hadi mlangoni.

Na kama wajenga nyumba ya wageni, kabla ya kisima niambie utavuna vipi maji ya paa lako, na bwawa la kuogelea utalijaza kwa maji gani.

Visamaki vya birikani, lile tangi la maji ya kuogea, vyachafua maji?

Kidogo, lakini vyala viluwiluwi vya mbu, na kwa birika ya kuogea na kutawadhia faida ni kubwa kuliko hasara. Ndiyo maana wazee waliviweka. Maji ya kunywa yakae kwenye mtungi wake, na dawa ya klorini itiwe humo humo mtungini. Juzi kijana mmoja alimwaga kifuniko kizima birikani kwa nia njema, akaja kuniita: visamaki vyote vimeelea tumbo juu, na nyanya yake hamsemeshi.